Tupeane uzoefu: uliotesha mparachichi kwa kokwa nyumbani, ulizaa?

Mama wa Usa River (mwanzisha mada)

Habari zenu wanajamvi. Mwaka 2017 mama alitoka Rungwe na kiroba cha maparachichi. Moja lilikuwa na nyama ya njano, halina nyuzi hata moja, ukilipaka kwenye mkate linatulia kama siagi. Binti yangu, wakati huo yuko darasa la pili, akaosha kokwa, akalichoma vijiti vinne vya meno, akaliegesha mdomoni mwa glasi: upande uliobapa unagusa maji, ncha inatazama juu. Kila asubuhi kabla ya shule analichungulia. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Wiki ya tano kokwa likapasuka katikati na mzizi mweupe ukatokeza kama mkia wa panya. Nyumba nzima tuliitwa kuja kuona.

Leo binti yuko kidato cha tatu na mti umepita paa. Kivuli kizuri, majani mengi, ua hata moja hakuna. Baba watoto anataka tuukate pale pakae tanki la maji. Binti hataki hata kusikia habari hiyo.

Mliootesha kwa kokwa, mlisubiri miaka mingapi? Na tunda lilitoka kama lile mlilokula?

Mdau wa Tukuyu

Pole na hongera, dada. Wangu ulizaa mwaka wa sita, wa kaka yangu mwaka wa tisa, na tuliatika siku moja. Tunda? Mimi nilikula parachichi dogo la ngozi nyeusi, mti ukanipa makubwa ya kijani yenye maji maji. Si mabaya, tunakula na ugali na chumvi kidogo, lakini siyo lile. Kokwa ni mtoto wa wazazi wawili. Mama unamjua kwa sababu ulimla, baba aliyeletwa na nyuki humjui.

Fundi wa kitalu, Njombe

Nashika kisu cha kubebeshea mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo mnivumilie nikiandika kirefu.

Aliyosema mdau wa Tukuyu ni kweli, ndiyo maana sisi kokwa tunalitumia kupata shina tu. Tunaliatika kwenye kiriba likiwa bichi, maana likikauka linakufa. Likishatoa mche wa unene wa penseli tunabebesha, yaani tunaunga juu yake kikonyo (kijitawi) cha mti tunaoujua. Mche wa hivyo huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, kwa sababu kikonyo kimetoka kwenye mti mzima, kiumri hakianzi upya.

Lakini msilidharau kokwa. Hass, aina hii ya parachichi inayojaza makontena, ilianza na kokwa moja. Miaka ya 1920 huko La Habra Heights, California, mfanyakazi wa posta aitwaye Rudolph Hass alipanda makokwa apate mashina ya kubebeshea. Mti mmoja ukakataa vikonyo, akafikiria kuukata. Ulipozaa, watoto wake wakayapenda matunda yake kuliko mengine, ukaachwa. Mwaka 1935 akapata hataza, yaani haki ya kisheria juu ya aina hiyo. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, ila kila Hass unayoila leo, hata ya hapa Njombe, ni kipande chake kilichohamishwa kwa kisu, shina hadi shina.

Kwa hiyo mama wa Usa River, huna haja ya kuchagua kati ya kukata na kusubiri. Mti mkubwa unabebesheka. Mvua zikikaribia, kata shina kwenye kimo cha kifua, acha tawi moja lenye majani liendelee kulisha mizizi, na paka shina chokaa jua lisilibabue. Chipukizi zitatoka nyingi, bakiza tatu au nne zenye nguvu. Zikifika unene wa penseli, kata ncha, pasua katikati, chonga kikonyo kama kabari, kichomeke. Hapa ndipo wengi wanapokosea: gome la kikonyo na gome la chipukizi lazima yagusane angalau upande mmoja, maana uhai unapita kwenye ule unyevu wa kijani chini ya gome, katikati ni mti mtupu. Funga kwa ukanda wa nailoni, kaza, kisha kivike mfuko mdogo wa plastiki kisikauke. Baada ya wiki tatu hadi nne macho yanavimba. Kisu kiwe kikali na safi. Nakifuta kwa spiriti kila ninapohama mti.

Mtu wa Mbagala

Fundi, na wauza miche wanaotudanganya? Nilinunua mitatu barabarani nikaambiwa ni ya kubebesha. Sikujua kuwa nilipaswa kutafuta kovu la maungio juu kidogo ya udongo. Halikuwepo, nilinunua makokwa kwa bei ya kubebesha.

Miwili ilikufa na hapo kosa ni langu, niliipanda bondeni ambako maji ya mvua yanatuama. Majani yalinyong'onyea, nikadhani ni kiu, nikazidi kumwagilia. Nilipong'oa, mizizi ilikuwa myeusi, inakatika mkononi kama tambi. Uliobaki niliuinulia tuta la kufika gotini, nikachanganya samadi iliyooza vizuri. Uko hai.

Bibi wa Unguja

Assalaam alaykum. Huku kwetu tunaita embe mafuta. Wangu niliupanda kwa kokwa nyuma ya nyumba, ukachanua miaka mitatu mfululizo na maua yote yakapukutika. Nilishakata tamaa. Bwana shamba akanieleza kitu sikuwahi kukisikia: ua la mti huu hufunguka mara mbili. Mara ya kwanza ni jike, linafunga, kesho yake linafunguka tena likiwa dume. Na ipo miti ya namna mbili, mmoja ujike wake ni asubuhi, wa pili ni mchana. Ikikaa jirani inasaidiana. Jirani yangu akapanda wake upande wa pili wa ukuta. Mwaka mti wake ulipochanua, tukavuna sote, yeye na mimi. Nyuki nao wanatakiwa, kwa hiyo wakati wa maua mtu asipige dawa.

Mfugaji wa Murang'a

Hamjambo. Miti yetu inazaa vizuri, yangu ni onyo tu. Tulipogoa ovakado tukawatupia mbuzi matawi. Siku ya pili mbuzi wa maziwa kiwele kikavimba, kikawa kigumu na moto, maziwa yakakatika. Daktari wa mifugo alipoona matawi bomani alijua hapo hapo. Majani yana sumu kwa mbuzi, ng'ombe, sungura na ndege wa kufugwa. Yule mbuzi alipona lakini msimu ule hakurudisha maziwa. Mkikata matawi, yawekeni mbali na boma.

Dada wa Hamburg

Wangu uko kwenye chungu dirishani, mwaka wa nne, unanifika begani. Kila baridi hita inakausha ncha za majani zinakuwa kahawia, nimejifunza kuweka sahani ya maji karibu na kumwagilia kwa maji ya mvua. Ulipofika urefu wa rula niliukata nusu, ukatoa matawi. Matunda siyategemei. Nyumbani Lushoto kulikuwa na mparachichi mlangoni, na watoto wangu hawajauona. Huu wanaufuta vumbi wao wenyewe, jani kwa jani.

Mama wa Usa River

Nimesoma yote, mengine nimemsomea baba watoto kwa sauti. Habari ya yule mtu wa posta na watoto wake imemnyamazisha. Tanki linahamia upande wa jikoni. Tumeupa mti mpaka msimu ujao wa maua. Ukikataa tutabebesha chipukizi tatu, na lile tawi la upande wa binti halitabebeshwa, lizae la kwake tulijue.

Fundi, nikilipia vikonyo, vinaweza kupanda basi kutoka Njombe hadi huku?

Fundi wa kitalu, Njombe

Vinafika, mama. Nitavikata asubuhi ya siku ya safari, nitoe majani yote nibakize vijiti vya majani tu, nivifunge kwa gazeti lililoloanishwa na mfuko juu. Mwambie kondakta asiviweke karibu na injini. Ukivipokea viweke kivulini, visilale zaidi ya siku mbili. Chipukizi zako zikifika unene wa penseli, nitumie picha kwanza.