Kodi zangu za gita (noti zinazopigwa pamoja) kwenye bluzi zinamfungia njia mpiga saksafoni. Nianzie wapi?

Adungu_wa_Nebbi

Salaam wote. Mimi ni wa Nebbi, kaskazini-magharibi mwa Uganda, nimekulia kwenye adungu (vinubi vyetu) za kanisani, gita nikalishika nikiwa sekondari. Sasa niko Kampala, na miezi mitatu hii napiga kila Alhamisi kwenye hoteli moja upande wa Muyenga. Tuko wanne: saksafoni, besi, ngoma na mimi.

Nyimbo za kawaida zinakwenda vizuri. Shida ni bluzi. Mpiga saksafoni akiita bluzi ya Bb (B iliyoshushwa nusu), natoa Bb7, Eb7 na F7 za kubana nyuzi zote sita, vipimo 12 vya mapigo manne, narudi mwanzo. Alhamisi iliyopita aliniinamia akasema taratibu, "Ndugu, unanifungia njia." Usiku ule sikupata usingizi.

Niliwahi kumlipa mwalimu mmoja anifundishe jazi. Alinipa karatasi ya kodi zaidi ya mia, zenye noti ya tisa au ya kumi na tatu ukihesabu kutoka mzizi (noti inayoipa kodi jina), zote zimechorwa, basi. Nimekariri kama thelathini. Nikiwa chumbani kila moja ni tamu. Jukwaani vidole vinaruka kutoka freti ya 1 hadi ya 10, na kila kodi na lwake. Nifanyeje?

Sebene_Kabalagala

Kaka, mpiga besi unaye, kwa nini unamfanyia kazi yake? Uzi wa 6 na wa 5, zile nene, ziache zipumzike uone. Kwenye rumba tunajifunza hilo mapema, maana magita yakiwa matatu na wote wanabana nyuzi sita, ni kelele tupu. Mambo ya jazi yenyewe nawaachia wazee.

Mzee_Tromboni

Mwanangu, nilipuliza tromboni kwenye bendi ya polisi hadi nikastaafu, na gita ndilo lililonipumzisha jioni. Sasa niko Jinja. Huyo wa Kabalagala amesema kweli, lakini hajakuambia ubaki na nini.

Ulikulia kanisani, kwa hiyo solfa unaijua. Do iwe Bb muda wote. Ndani ya Bb7 noti mbili ndizo zinazobeba habari yote: mi, na ta, yaani ti iliyoshushwa nusu. Ukienda Eb7, mi inashuka kuwa ma na ta inashuka kuwa la. Ukienda F7, mi inapanda kuwa fa na ta inapanda kuwa ti. Nusu hatua chini, nusu hatua juu. Imba kwanza bila gita, ukiwa unapika au unatembea, mpaka sikio likubali.

Sasa shika gita. Ta iko uzi wa 4 freti ya 6, mi iko uzi wa 3 freti ya 7. Sogeza vidole vyote viwili freti moja nyuma, umefika Eb7. Kutoka pale mwanzo sogeza freti moja mbele, umefika F7. Bluzi nzima umeipiga kwa vidole viwili, na mkono haujasafiri popote.

Noti hizo mbili zikishakaa, ongeza uzi wa 2. Kwenye Bb7 bana freti ya 8: hiyo ni Bb13. Kwenye F7 kidole kibaki palepale, noti ileile imegeuka kuwa ya tisa. Kwenye Eb7 shuka freti ya 6, nayo ni ya tisa. Hizi zimo kwenye karatasi yako, ila hakuna aliyekuonyesha kwamba ni majirani.

Kipimo cha 6, baada ya Eb7, weka Edim7 (kodi ya E iliyopunguzwa, diminished): uzi wa 5 freti ya 7, wa 4 freti ya 8, wa 3 freti ya 6, wa 2 freti ya 8. Ni Eb7 ileile, mzizi umepanda nusu. Hapo bluzi inaanza kunukia jazi.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni kipimo cha 8 hadi cha 11: G7, Cm7, F7, kisha nyumbani Bb7. Uzi wa 4 unateremka ngazi: freti ya 9, 8, 7, 6. Uzi wa 3 unakwenda 10, 8, 8, 7. Piga hivyo polepole, nyuzi mbili tu, usikie. Nilipoligundua hili nilirudia mpaka mke wangu akaja kuuliza kama niko salama.

Adungu_wa_Nebbi

Mzee, asante sana. Nimekaa na nyuzi mbili jioni tatu. Ile ngazi ya uzi wa 4 nimeisikia, na nimetambua kitu: adungu zetu ndogo na kubwa zinagawana kazi hivyohivyo, kila moja noti zake chache. Swali moja limebaki. Leo mazoezini mpiga saksafoni alifurahi, lakini mpiga ngoma anasema ninamvuta nyuma. Naongeza noti nyingine?

Mzee_Tromboni

Usiongeze, mwanangu. Punguza. Msikilize Freddie Green, mpiga gita wa jazi wa Marekani aliyekaa na bendi ya Count Basie kuanzia 1937 hadi alipofariki 1987. Mapigo manne kwa kila kipimo, mafupi, noti chache kabisa, na bendi nzima ya matarumbeta na saksafoni inamwegemea.

Nadhani unaziacha nyuzi zilie muda mrefu. Piga, kisha legeza vidole vya kushoto bila kuvitoa kwenye nyuzi, sauti ife. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) kwenye milio 100 kwa dakika, na hiyo milio uihesabu kuwa pigo la 2 na la 4, si la 1. Jumatano fanya dakika ishirini hivyo kwa Bb7 peke yake, bila hata kubadilisha kodi. Alhamisi kaa karibu na ngoma, si karibu na saksafoni.