Garaji imenifungia nitro bila petroli, pistoni imepasuka, sasa eti kosa ni la mafuta ninayonunua

Jamani wenye magari ya kukimbia humu, leo sitaki kuandika kwa upole. Kuna garaji moja hapa Kampala, jina silitaji, wanajiita mabingwa wa Subaru, kila siku video za magari yanatema moto nyuma. Niliwapa Impreza WRX yangu, injini ya EJ20 ya tabo, nzima kabisa haili hata oili, wanifungie nitro, ile gesi ya chupa ya kuongeza nguvu, ya farasi 75. Nimerudishiwa gari linatoa moshi wa bluu na silinda ya nne haina kompresheni.

Seti niliagiza mwenyewe ikiwa kamili, ni ile inayopuliza gesi na petroli pamoja. Mna solenoidi mbili, ya gesi na ya petroli, nozo, vijeti, mipira, rilei na swichi ya throtoli. Kazi yao ilikuwa kufunga tu, na kwa kufunga tu wamekula milioni nne.

Sasa sikieni. Gari lilipokufa nikalivuta mpaka kwa mzee mmoja Ndeeba, fundi wa zamani, hana video wala bango. Akafungua boneti, akafuata mpira wa gesi kwa kidole mpaka kwenye nozo, akageukia upande wa petroli, akaanza kucheka. Tundu la petroli limezibwa na skrubu, imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mafundi bomba! Yani injini ilikuwa inaongezewa gesi peke yake bila petroli ya ziada, na kompyuta ya gari haijaguswa, haina habari kwamba kuna kitu kimeongezwa.

Kwa wasiojua, nitro siyo mafuta na yenyewe haiwaki. Inabeba oksijeni, kama 36% ya uzito wake, wakati hewa ya kawaida ni 23 hivi, na ikikuta joto la ndani ya silinda, kuanzia digrii 300 hivi, inavunjika inaachia hiyo oksijeni yote. Oksijeni ikizidi na petroli lazima izidi, isipozidi moto unapanda, injini inagonga, yani mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda, na pistoni za kiwandani za EJ kila mtu anajua hazivumilii kugonga, zinameguka pale katikati ya ringi. Yangu ndivyo ilivyokufa. Mzee kanipa pistoni mkononi, kipande kati ya ringi ya kwanza na ya pili hakipo, ukingo wa juu umelika, na kwenye kauri ya plagi kuna vitone vinang'aa vidogo sana, usipogeuza kwenye mwanga huvioni. Hiyo ni alumini ya pistoni, imeyeyuka ikarukia kule. Plagi zenyewe ni zilezile nilizoingia nazo, hawakuweka za baridi zaidi, zile zinazotoa joto haraka, na taimingi ya cheche hawakuirudisha nyuma hata kidogo wakati mafundi wa nitro dunia nzima wanaanzia digrii 2 kwa kila farasi 50. Hilo si siri, liko kwenye karatasi ya maelekezo, ambayo niliikuta bado imefungwa kwenye nailoni yake.

Swichi ya throtoli nayo hawakufunga. Ile kazi yake ni kuzuia gesi isitoke mpaka mguu uwe chini wote, maana ukiiachia injini iko mzunguko wa chini inaweza kulipuka kwenye menifoldi. Wao wameweka batani kwenye gia basi, ubonyeze ukijisikia.

Siku ya kujaribu fundi mkuu wao ndiye aliyeendesha, mi nimekaa pembeni. Tumeingia Northern Bypass, kabonyeza, gari likavuta likaacha, likavuta likaacha. Kumbe chupa wameilaza kinyume, koki imeangalia nyuma, na mrija wa ndani unanyonya upande ambao gesi ya maji, yani ile iliyo kimiminika, haipo gari likivuta. Badala ya kuigeuza yule bwana katwambia "chupa baridi", karudi garaji kachukua tochi ya kulehemu kaanza kuichoma chupa. Banange! Chupa ya gesi yenye presha unaichoma na moto wa wazi! Geji ya presha ikapanda ikapita psi 1,200 wakati inatakiwa iwe 900 mpaka 1,000 hivi. Presha ikipanda gesi inapita nyingi zaidi kwenye jeti ileile, na petroli ya kuisindikiza hakuna. Tumetoka tena, kabonyeza, nikasikia kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo, alafu moshi. Na hata injini ingenusurika, chupa iko kwenye buti haina hata bomba la kutolea gesi nje kisahani cha usalama cha chupa kikipasuka kwa presha kuzidi, ingetumwagikia humohumo ndani.

Na gesi yenyewe wamenipunja. Walinitoza chupa imejaa, pauni 10, eti angalia geji. Geji haionyeshi kiasi! Maadamu kuna gesi ya maji ndani, presha inafuata joto, ikiwa robo au imejaa inasoma karibu sawa. Ilitakiwa waipime uzito. Tumeiweka kwenye mizani ya wanunua vyuma chakavu pale jirani, tukatoa uzito wa chupa tupu ulioandikwa, haikufika hata nusu, na tulibonyeza sekunde chache tu.

Nilivyorudi kudai, jibu lao: "Bosi, petroli ya siku hizi mbaya." Petroli ipi, ile mliyoiziba na skrubu?

NAONGEZA: mnaoniambia nitro ni ujinga kwenye gari la tabo, sijauliza hilo. Na wewe uliyesema nipeleke Kisekka, soko la spea, nitafute injini nyingine, asante, ila kila EJ20 niliyoonyeshwa haina historia, nataka mwenye bloku na pistoni za kufojiwa (zilizofuliwa, imara zaidi) aje inbox tuongee bei.

Nimewapa hao jamaa barua na picha zote, za skrubu na za pistoni. Wanatakiwa kurudisha milioni nne na kulipa ovahaulu, wakikataa naenda polisi na mzee kakubali kuwa shahidi. Na wewe fundi mkuu najua unasoma humu, solenoidi yangu ya petroli ilikuwa mpya kwenye boksi, kwenye gari haipo na kwenye boksi haipo. Umemuuzia nani?