Wasomaji wanalipia wiki moja kisha wanapotea: tushushe bei?

Dawati_la_Wasomaji:
Wakuu, habari za kazi. Tovuti ya habari hapa Kenya, usajili wa wiki au mwezi, malipo kwa M-Pesa. Wiki ya kwanza watu wanalipa vizuri, ya pili wengi hawaonekani. Idara ya mauzo inataka bei ishuke. Kabla ya kugusa bei, tuangalie nini?

MtuWaMiamala:
Bei iacheni kwanza. Tenganisheni aliyeacha kwa hiari na aliyekatika bila kutaka. Ombi la M-Pesa linalotokea kwenye simu linataka PIN kila mara, kwa hiyo kila wiki mnamuuzia mtu upya.

Fungueni kumbukumbu za Daraja, mfumo wa Safaricom unaounganisha tovuti na M-Pesa, msome namba za majibu. 1 ni salio halitoshi, 1032 ombi limefutwa, 1037 simu haikupatikana au muda umeisha, 2001 PIN imekosewa. Wa 1037 hajawakataa. Rudieni ombi baada ya saa chache. Wa salio msimgande siku hiyohiyo. Wa 1032 ndiye wa kuulizwa sababu.

Na kuna kosa linaloua imani kabisa: hela imetoka, meseji ya M-Pesa imeingia, lakini taarifa ya malipo haikufika kwenye seva yenu na makala bado imefungwa. Msomaji anatazama ujumbe wa "Lipia usome" akiwa na risiti mkononi! Seva isikae kusubiri tu, iulize yenyewe hali ya muamala. Tena wekeni kisanduku cha kuandika ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu, jumla 10, iliyo kwenye meseji, ifungue makala palepale.

Bi_Takwimu:
Naongezea upande wa usomaji. Gazeti la Financial Times walizoea kumpima msomaji kwa mambo matatu: alikuja lini mara ya mwisho, huja mara ngapi, husoma kiasi gani. Kwa usajili wa wiki, msingoje siku ya saba ndipo mpime. Aliyelipa Jumatatu na hadi Alhamisi hajafungua kitu, mwandikieni Alhamisi hiyo, na iwe habari ya aina anayoisoma. Aliyelipia uchambuzi wa bajeti mkamtumia matokeo ya mpira, mmemfundisha kutofungua ujumbe wenu.

Idhini ya kumtumia matangazo iombwe wazi, na njia ya kujitoa iwepo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana hapo.

Dawati_la_Wasomaji:
Asanteni sana. Je, M-Pesa Ratiba inaweza kuondoa usumbufu wa PIN?

MtuWaMiamala:
Ndiyo, kwa mwezi inafaa: msomaji anaidhinisha mara moja, kisha malipo yanakwenda kwa ratiba. Salio lisipokuwepo bado yatakwama, kwa hiyo mkumbusheni kwa SMS siku moja kabla.

Bi_Takwimu:
Na msimwombe Ratiba siku ya kwanza, hajawajua bado. Subirini aliyelipa wiki mbili au tatu mfululizo, mpeni mwezi kwa bei nafuu kuliko wiki nne. Punguzo liende kwa huyo. Mwaka una wiki 52, na kila moja ni nafasi ya kuondoka. Miezi ni 12 tu.