Mzunguko wa msitu, malisho na vijiji: nianzie upande upi?

MwendoPole

Wakuu, salaam. Wiki ijayo nina safari ya baiskeli na nimekwama kwenye jambo ambalo huenda wengine mtaliona dogo: nizunguke kwa kuanzia upande upi.

Njia ni ya duara, kilomita 58, inaanzia kijiji cha bondeni na kurudi hapo hapo. Upande mmoja ni msitu. Ni kilomita 5 tu, lakini zinapanda mita 400. Ukishatoka msituni uko juu kwenye malisho ya wazi, vilima vya kupanda na kushuka, kivuli hakuna. Upande wa pili njia inateremka taratibu kilomita 11 kwenye changarawe hadi vijiji vya chini, halafu ni kijiji baada ya kijiji mpaka nilikoanzia. Jumla ya kupanda kote ni kama mita 1,050.

Nikianzia msituni naukabili mlima mkali nikiwa bado na nguvu. Nikigeuza, napanda kidogo kidogo, ila namalizia kwa kuushuka msitu nikiwa hoi.

Baiskeli yangu ina sproketi moja mbele, meno 38. Nyuma friwili ya gia saba, kubwa kabisa ni meno 28. Breki za rimu, tairi za milimita 40. Mimi, baiskeli na mzigo tunafika kilo 90 hivi. Naenda na shemeji, ana pumzi kunizidi lakini milima haijui kabisa. Yeye baiskeli yake ni mpya, breki za diski.

Nishaurini.

KonaKali

Anzia malishoni, mkuu. Mita 400 ndani ya kilomita 5 ni wastani wa asilimia 8, na wastani huo unakuficha kitu. Njia ya msituni haipandi sawasawa, kuna mahali inalala na mahali inasimama kama ngazi. Fungua ramani yenye mistari ya mwinuko. Kama mistari imechorwa kila mita 20, angalia nafasi kati ya mmoja na mwingine: ikiwa mita 250 ardhini, hiyo ni asilimia 8. Ikiwa mita 150, umeshavuka 13. Na gia yako hiyo, hapo utashuka usukume.

Kilomita 11 za changarawe utapanda huku unapiga soga na shemeji.

Mpita_Njia

Pikipiki haipo nyumbani? 😂

FundiCheni

Ngoja tuweke hesabu mezani kabla ya kubishana.

Gurudumu la kawaida likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Meno 38 gawanya kwa 28, zidisha kwa hiyo 2.1, unapata mita 2.85 kwa kila mzunguko wa pedali. Ukizungusha mara 60 kwa dakika, mwendo ambao hata si wa haraka, uko kwenye kilomita 10 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 12, kuipeleka juu mizigo ya kilo 90 kwa kasi hiyo kunataka wati zaidi ya 300. Hizo mtu wa kawaida anazitoa kwa dakika chache, basi. Kitakachotokea ni kwamba miguu itapunguza mwendo, mara 45, mara 35, na kila kanyago litakuwa la kuminya. Magoti ndiyo yatakayolipa.

Dawa yake si kali. Friwili za gia saba zipo za meno 14 hadi 34. Ukifunga hiyo, kila mzunguko wa pedali unakupeleka mita 2.35, na kwa mizunguko ile ile 60 nguvu inayotakiwa inapungua kwa karibu moja ya sita. Kwenye karatasi inaonekana ndogo. Mlimani ndiyo tofauti ya kukaa kwenye kiti na kushuka.

Ila usinunue na kufunga tu. Mambo mawili. Kwanza, kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kina kikomo chake, si kila kimoja kinafika meno 34. Pili, cheni yako huenda ikawa fupi. Ipitishe sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kihamisha gia, ikutane, kisha ongeza pingili mbili. Hapo ndipo urefu wake ulipo. Na kama cheni ni ya zamani, nunua mpya kabisa, maana cheni iliyochakaa ikikutana na meno mapya inaruka, na inaruka pale unapokanyaga kwa nguvu zote.

Bi_Changarawe

Mnaongelea kupanda tu, kaka zangu. Mimi naomba niulize kuhusu kushuka.

Mwendo Pole, njia ya msituni iko vipi? Ni udongo mgumu, kokoto, au mizizi na majani yaliyooza? Mvua imenyesha lini mara ya mwisho?

MwendoPole

Asanteni sana. KonaKali, nimefungua ramani kama ulivyosema. Kuna kipande cha mita 800 hivi katikati ya msitu ambacho ni asilimia 14. Zilizobaki zinacheza kwenye 7.

Bi Changarawe, ni udongo, mizizi mingi, na majani yamefunika njia. Mvua zinanyesha kila baada ya siku mbili tatu, na jua halifiki chini, kwa hiyo pale hapakauki.

Bi_Changarawe

Basi panda msitu, shuka malishoni. Kwa breki zako sioni cha kujadili.

Kilo 90 zikishuka mita 400 zinaachia nishati ya kutosha kuchemsha lita moja ya maji kutoka kwenye baridi ya kawaida. Kwenye barabara ya wazi unakwenda kasi na upepo unabeba sehemu kubwa ya hiyo nishati. Msituni kwenye mizizi utakwenda polepole, vidole viko kwenye breki muda wote, kwa hiyo karibu yote inaishia kwenye raba na rimu. Rimu ikilowa matope, mzunguko wa kwanza wa gurudumu baada ya kuminya breki haushiki kitu, raba inafuta maji kwanza. Halafu yale matope yana mchanga, nayo raba inageuka msasa. Ukitoka chini angalia raba zako utakuta vichembe vya chuma vimenasa ndani, hiyo ni rimu yako.

Na mzizi uliolowa ukiwa umelala mshazari kwenye njia, ukiminya breki ya mbele juu yake gurudumu linaondoka kabla hujajua. Haya yote uyafanye jioni, umechoka, mikono inatetemeka, msituni giza limeshaanza kuingia saa nzima kabla ya nje? Hapana.

Kuhusu zile mita 800 za asilimia 14: shuka, sukuma. Ni robo saa ya kutembea. Ungekazana kuzipanda kwenye kiti ungeokoa dakika chache na ungefika juu umekwisha, na malisho yote bado yanakungoja.

KonaKali

Hapo kwenye majani mabichi na breki za rimu umenishika, dada. Nilidhani njia ni kavu. Nafuta neno kuhusu upande.

Ila nabaki na hoja ya jua. Malisho yale akiyafikia saa sita mchana bila kivuli atakauka. Kwenye vilima unapanda kilomita 8 kwa saa, upepo wa kukupoza hakuna, jasho linakaa mwilini. Aondoke alfajiri, awe ametoka msituni kabla jua halijawa kali. Na abebe maji ya kufika vijiji vya chini, asitegemee kijito cha malishoni penye ng'ombe.

Bi_Changarawe

Kwa hilo tupo pamoja. Alfajiri.

Niongeze la kupanda kwenye utelezi, kwa ajili ya shemeji hasa, maana mwenye pumzi ndiye anayekosea hapa. Akiona mlima atasimama kwenye pedali na kukanyaga. Kwenye lami ni sawa. Kwenye majani mabichi, akisimama uzito unahama mbele, gurudumu la nyuma linazunguka pale pale na baiskeli inasimama. Akae kwenye kiti, asogee mbele kidogo kwenye ncha yake, ainamishe kifua, azungushe pedali kwa mwendo ule ule bila kushtua. Na abadili gia kabla ya mwinuko, si katikati yake.

Ngazi_ya_Saba

Upepo wa tairi hamjausema. Kwa milimita 40 na uzito wa huyu bwana, mimi ningeanza na psi 40 nyuma na kama 35 mbele. Watu wanajaza mpaka tairi linakuwa jiwe wakidhani ndiyo wepesi. Kwenye mizizi jiwe linadundadunda na halishiki. Lakini usishushe sana pia, ukipiga mzizi tyubu inabanwa kwenye rimu na inatoboka mara mbili, matundu mawili yamekaa sambamba. Ukifungua ukakuta hivyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Beba tyubu nzima mbili, viraka na pampu. Kubandika kiraka kwenye unyevu wa msituni ni kazi bure, solusheni haikauki.

MwendoPole

Hii ya matundu mawili nilikuwa siijui, nilishawahi kutafuta mwiba mpaka nikachoka.

Kwa hiyo ni msitu kwanza, alfajiri. Swali la vijijini sasa: mteremko wa changarawe unaishia moja kwa moja kwenye nyumba, na naambiwa kuna mbwa na mifugo barabarani.

Bi_Changarawe

Anza kupunguza mwendo kabla ya nyumba ya kwanza, si ukiwa umeshaifikia. Kwenye changarawe ukiminya ghafla unateleza, kwa hiyo breki zote mbili, taratibu, baiskeli ikiwa imenyooka. Kona unaingia ukiwa umeshapunguza. Mkishuka mwachane nafasi ya kutosha, breki za shemeji zinashika haraka kuliko zako, usimfuate karibu.

Mifugo: sauti ya mtu inafanya kazi kuliko kengele. Ongea, toa salaam kwa mchungaji, ngoja akupishe. Usipite kati ya ng'ombe na ndama wake hata njia ikiwa wazi. Mbwa akija anabweka, shuka, weka baiskeli kati yako na yeye, tembea. Wengi wanafukuza kinachokimbia. Lango la malisho ukilikuta limefungwa, funga ukishapita. Ukilikuta wazi, liache wazi.

Na kabla ya kuanza ule mteremko vaa koti. Umelowa jasho, ukianza kushuka kwa kasi baridi inakuingia mpaka vidole vinakataa kuminya breki.

Mpita_Njia

Nimekuja kwa utani nimeondoka na elimu. Na chakula je?

Ngazi_ya_Saba

Wanga gramu 30 hadi 60 kila saa, na aanze kula kabla njaa haijafika. Kusubiri njaa mlimani ni kuchelewa.

MwendoPole

Nimeelewa wakuu, Mungu awabariki. Kesho naenda kutafuta friwili ya 34 na cheni mpya. Breki zenyewe naona bado zinashika, niziache?

FundiCheni

Usiache bila kuangalia. Raba mpya zina mifereji. Kama mifereji imefutika, badilisha. Kisha pitisha ukucha kwenye ubavu wa rimu pale raba inapogusa. Ukisikia umebonyea, yaani katikati kuna kishimo na kingo zimesimama, hiyo rimu imeliwa, usishuke nayo mlima wowote. Waya nao uangalie kwenye mkono wa breki, pale unapojipinda ndipo nyuzi zinapoanza kukatika moja moja.

Na kabla hujatoa hela ya friwili, weka hapa picha ya hicho kihamisha gia, upande wenye maandishi, nikuambie kama kitafika 34.