Naomba ushauri: kufufua mfongo (mfereji wa jadi wa umwagiliaji) wa wazee kwenye nyumba ya wageni, Marangu

Wakuu, naombeni ushauri. Kwenye kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga) kinakojengwa vyumba vya wageni unapita mfongo wa kale uliokauka. Wachagga walichimba mifereji hii tangu kabla ya ukoloni, na lengo ni maji yatiririke tena, siyo kuubakiza pambo.

Mteremko umepimwa kwa fremu ya herufi A: miguu imeachana mita 2, uzi na jiwe katikati, kushuka sentimita 1 kila hatua. Ukizidisha, maji yanachimba sakafu. Ukipunguza, tope linajaa.

Shida ni kipande cha mita 12 chenye udongo tifutifu, kinavuja sana. Fundi anataka saruji mfongo mzima. Nasita, kwa sababu udongo ukititia saruji hupasuka, maji yakapita chini kwa chini bila kuonekana hadi kingo zibomoke. Tena mvujo mdogo ndio unaonywesha migomba, kahawa na magimbi ya chini. Je, udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa sentimita 15, kisha mawe juu yake, utahimili masika?

Halafu kuna mikaratusi kandokando. Ikikatwa yote pamoja, mizizi ikioza itaacha matundu kingoni. Niitoe kwa awamu huku mringaringa, mti wa asili, ukikua? Masale ya mpakani, mimea ya jadi ya Wachagga, hayaguswi kabisa.

Kibali kitaombwa Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ila zamu za wakulima wa chini lazima zitangulie: mnazipangaje, hasa kiangazi? Kujaza bwawa usiku kunatosha?