Mrejesho: Simba, mbwa wangu asiyekua

Wakuu, niliwauliza kuhusu Simba, German Shepherd wa miezi 7 mwenye kimo cha mbwa wa miezi 3. Wengi mlisema minyoo. Siyo. Vipimo vya damu vimeonyesha tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, haitoi homoni ya ukuaji ya kutosha, na thairoidi, tezi ya shingoni, nayo imelala. Ni kasoro ya jeni ya LHX3, hurithiwa kwa baba na mama wote wawili; mwenye nakala moja tu ya kasoro haugui. Ndiyo maana wazazi wake walionekana wazima kabisa.

Anameza levothairoksini, dawa ya kufidia homoni ya thairoidi, asubuhi na jioni. Manyoya bado yale laini ya utotoni, shingoni pamebaki ngozi tupu. Ila jana alinikimbilia hadi getini akibweka! Nilikaa chini nikamkumbatia. Aliyeniuzia nimemsihi asiwapandishe tena wazazi wale.