Tupeane uzoefu: mwenzako kazini anataka dirisha lifungwe, wewe unataka libaki wazi

Mleta mada, Mbeya

Ndugu zangu, habari za kazi. Msimu wa baridi umeshatufikia, na katika ofisi yetu suala la dirisha limeanza kuharibu maelewano ya watu waliozoea kunywa chai pamoja. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe na ninapenda hewa ipite chumbani, ilhali dada ninayefanya naye kazi chumba kimoja alihamishwa kutoka Lindi, na kila asubuhi, akiwa amevaa sweta na koti juu yake, huomba dirisha lifungwe. Wenzetu humjibu kwamba yeye ni mtu wa pwani na atazoea tu. Kauli hiyo siipendi, kwa sababu inamfanya aonekane dhaifu wakati anaeleza hali halisi ya mahali alipoketi.

Meza yake ilikuwa chini ya dirisha linalotazama kusini. Kwa kuwa sisi tuko kusini mwa Ikweta, mwezi Juni na Julai jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha lile halipati jua la kutosha, na upepo wa kusi unaingia moja kwa moja hadi shingoni mwake. Alfajiri joto la hapa linaweza kushuka chini ya nyuzijoto 10, na sakafu ya saruji hukaa na ubaridi huo kwa saa nyingi. Kwangu, upande wa pili, ikifika saa tano jua limejaa mezani na bati limeanza kutoa joto. Tumekubaliana ahamie upande wa jua, na dirisha la kusini lifunguliwe kuanzia saa nne. Asubuhi zimetulia. Mchana bado tunavutana, maana sasa yeye ameridhika na mimi ninatoka jasho. Wenzangu mlifanyaje?

Fundi cherehani, Njombe

Ndugu mleta mada, kwetu jambo hili lilikuwa la hatari na si la kuudhiana tu. Tunapanga fremu moja mafundi wawili. Mwenzangu, ambaye ni mkubwa kwangu na ninamwita kaka, cherehani yake ilikuwa mlangoni, nami nilikuwa ndani nikipiga pasi ya mkaa. Aliyeshika pasi hasikii baridi kama aliyekaa akikanyaga cherehani, hivyo yeye alifunga mlango na mimi nikaufungua, tukawa hivyo hadi wateja wakaanza kutuuliza kama tumegombana.

Siku moja ya ukungu mzito mlango ulishinda umefungwa. Jioni sote wawili tulikuwa na maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na mteja aliyeingia ndiye aliyetuhimiza tutoke nje. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kisichopitisha hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na inaweza kumuua mtu akiwa usingizini. Nawaomba sana, yeyote anayeingiza jiko la mkaa ofisini ili apate joto aliache leo. Sisi sasa tunawashia pasi nje hadi mkaa ukolee, mlango unabaki nusu wazi hata kukiwa na baridi kali, na tumebadilishana nafasi: kaka yuko ndani, mimi na pasi yangu tuko mlangoni, ambapo upepo unanifaa.

Mchangiaji, Iringa

Kwetu walinunua hita ya umeme ya wati 2,000. Ikiwaka mfululizo hula uniti mbili kwa saa, na ikiwashwa pamoja na birika swichi kuu hukatika. Uongozi uliiondoa, na ubishi ukarudi ulipokuwa.

Muuguzi, Makete

Mimi ninafanya kazi katika kituo cha afya, na madirisha ya chumba tunachopokelea wagonjwa hayafungwi saa za kazi, kwa sababu kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa na hewa inayopita hupunguza hatari hiyo. Mwenzangu wa mapokezi alilalamika, na alikuwa na haki, kwa kuwa huketi muda mrefu bila kutembea kama sisi. Dirisha halikujadiliwa. Tulichojadili ni yeye: meza ilisogezwa pembeni mwa mkondo wa upepo, akawekewa kipande cha zulia miguuni, na tukaanza kupokezana nafasi hiyo kila baada ya saa chache.

Mleta mada, Mbeya

Dada muuguzi, ahsante. Hilo la kupokezana nafasi sikulifikiria, na linaweza kutufaa mchana: mimi nikae kusini baada ya chakula, asubuhi niendelee kubaki kaskazini. Nitamweleza mwenzangu kesho. Naomba wa Mufindi na Tukuyu nao watueleze, hasa walio katika majengo yenye dirisha moja tu, ambako hakuna upande wa kuhamia.